Betri Yangu Hujaa Msikitini, na Sasa Wanataka Niwe Mwenyekiti

Ukurasa wa Mama Amito, mkaguzi wa polisi mstaafu, anayejibu barua za wasomaji kila Alhamisi

Mama Amito mpendwa,

Nakuja kwako nikiwa nimekwama, naomba msaada wako, naomba usiguse hata neno moja la kisa changu, na naomba zaidi ulifiche jina langu, maana mimi ni mtu mzima wa miaka sitini na nane, mjukuu wa wale askari wa Kinubi walioletwa na Waingereza, nina wajukuu tisa, niliendesha lori miaka thelathini na minane kati ya Mombasa, Kampala na Juba bila kupindua hata gunia moja, na hapa Bwaise ninapoishi watu wakiniona wananipisha njia.

Shida ilianza na magoti. Nilipoacha lori magoti nayo yakaacha kazi, ikawa kila safari ni boda, na hawa madereva wa boda, sijui nani aliwafundisha, wakiona mvi hawakuulizi unaenda wapi, wanakuita jjajja, yaani babu, wanakushika kwapani na kukupandisha, "Jjajja, pole pole, jjajja, shika mimi," utadhani wanapakia matoke, hadi siku moja mmoja wao akanifunga kwenye kiti kwa ule mpira wa kufungia mizigo, akasema nikisinzia nitadondoka, tukapita hivyo Bombo Road nzima mimi nimefungwa kama kreti ya soda na majirani wananisalimia. Nilipofika nyumbani nilijifungia chumbani nikalia. Nalisema wazi ili ujue kwamba sikutafuta baiskeli ya umeme kwa anasa.

Nilikwenda Katwe kwa fundi mmoja anaitwa Okwir, mchomeleaji wa mageti, ambaye alichukua fremu ya baiskeli kuukuu, akaweka mota kwenye gurudumu la nyuma, akaniundia betri mbili, moja ya kuendea na moja ya akiba, akaniambia, "Mzee, hii kitu wewe kanyaga kidogo tu, ingine mota itamalizia." Na kweli ilimalizia. Siku ya kwanza nilipanda nayo hadi Kyambogo, binti yangu Sumayiya anafanya kazi pale chuoni, nikaupanda ule mlima nimekaa wima na kanzu yangu, nikapita magari yaliyokwama kwenye foleni, nikampita hata dereva wa boda mmoja aliyekuwa anasukuma pikipiki iliyoishiwa mafuta. Nilicheka peke yangu njia nzima, Mama Amito, sijacheka hivyo tangu niache lori.

Sasa mke wangu, Rukiah, ndiye mwenye mamlaka ya Yaka, umeme wa kulipia kabla, nyumbani kwetu, anaisoma ile mita kila asubuhi kabla hata ya kunisalimia, friji anaizima mchana ipumzike, na alipoiona baiskeli akauliza swali moja tu, "Na hii itakula umeme ya nani?" Mimi ningeweza kusema ukweli. Lakini alikuwa amesimama mlangoni na mikono kiunoni, nami nilikuwa bado nina furaha ya Kyambogo, nikajikuta nasema, "Haikuli umeme ya mtu. Ukikanyaga, inajichaji yenyewe." Akaamini. Si kuamini tu, akawatangazia wanawake wote wa mtaa kwamba mume wake ana kitu cha ajabu kisichokula chochote.

Kwa hiyo betri zikaisha na mimi sina pa kuzichaji. Adhuhuri moja nikaingia msikitini na betri yangu na chaja yake kwenye mfuko wa kitambaa, maana Bwaise huachi kitu nje, nikakaa kona ya dirisha la kulia, na hapo ukutani, nyuma ya mgongo wangu, kulikuwa na soketi. Nikasema moyoni nichaji kidogo tu, ya kunifikisha nyumbani. Hiyo kidogo ndiyo iliyoniponza, kwa sababu betri za Okwir hazijui kidogo, moja inataka saa nne ndiyo ijae, na zilikuwa mbili, nikaanza kuja Adhuhuri na kuondoka baada ya Isha, kila siku ya Mungu, nimeegemea ukuta, kanzu nimeitandaza vizuri kufunika taa ya chaja, tasbihi mkononi. Sikutikisika, maana nikisogea taa inaonekana. Ikigeuka kutoka nyekundu kuwa kijani, nainuka.

Watu wakaanza kuniangalia kwa macho mengine. Wazee wenzangu wakaniuliza huo mfuko mzito una kitabu gani, nikajibu ni kitu kinachonipa nguvu, na huo haukuwa uongo. Imamu wetu, Sheikh Tamim, akafika kunitaja kwenye hotuba ya Ijumaa, bila jina lakini kila mtu aligeuka kona yangu, akasema, "Kuna mzee kati yetu ambaye hainuki mpaka ahisi amejaa." Nilitazama chini. Wakasema ni unyenyekevu.

Nakuomba uelewe pia kwamba sikuwa nadanganya kila dakika, maana mtu ukikaa msikitini saa nane kwa siku utasali tu hata kama ulikuja kwa jambo jingine, na zilikuwepo siku ambazo taa iligeuka kijani na mimi nikaendelea kukaa, moyo umetulia, na Abdul-Latif, mtunza msikiti wetu, mtu wa makamo asiye na mke wala watoto, ambaye amekaa katika kile chumba cha nyuma miaka kumi na moja, alikuwa akiniletea chai kila alasiri, yeye kikombe chake na mimi changu.

Halafu Yaka ya msikiti ikaanza kuisha ovyo. Tokeni iliyokuwa inamaliza mwezi ikawa haifiki wiki mbili, na Ijumaa moja spika ilikatika katikati ya hotuba, feni zikasimama, watu wakatoka jasho na hasira pamoja. Kamati ya msikiti ikafanya upekuzi, ikaingia chumbani kwa Abdul-Latif, ikakuta birika la umeme na vikombe viwili, wakasema mwizi wa umeme ndiye huyu, tena ana mgeni anamkaribisha kwa chai ya umeme wetu, wakamuuliza kikombe cha pili ni cha nani, akasema ni cha mtu tu. Mimi nilikuwepo. Sikusema kitu kwa sababu nilishtuka.

Wakalichukua birika. Mimi kwa woga nikaacha kuchaji siku hiyo hiyo, na hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa, kwa maana yuniti zikaanza kudumu, mita ikatulia, na kamati ikasema ushahidi umekamilika. Abdul-Latif ameambiwa aondoke chumbani kabla ya swala ya Ijumaa hii. Na mimi, kwa vile hakuna anayejulikana kwa uaminifu zaidi yangu, wameniteua niwe msimamizi wa mita, na Ijumaa hiyo hiyo watanitangaza mwenyekiti mpya wa kamati, na hotuba yangu ya kwanza inatakiwa iwe juu ya amana.

Nyumbani nako hakukaliki. Baiskeli imelala uani imekufa, Rukiah ananiuliza mbona huendi nayo, nikasema imeishiwa nguvu kidogo, akaniambia, "Si inajichaji? Kanyaga basi ichaji." Juzi nimezunguka nayo uani kwa saa nzima, na vyuma vya Okwir vina uzito wa mbuzi wawili, yeye amekaa kwenye kigoda anachambua mchele na kuniuliza, "Imejaa?" Magoti yamevimba. Watu wa msikiti walioona sifiki siku hizi wamekuja kuniona wakidhani naumwa, wameleta mananasi.

Swali langu ni hili, Mama Amito. Je, nikinunua tokeni kimya kimya, nikaingiza kwenye mita ya msikiti yuniti zote nilizotumia, bila mtu kujua, si nitakuwa nimelipa na mambo yamekwisha? Na kuhusu uenyekiti, naona nikikataa watashuku. Na Rukiah, je, kuna njia ya kumweleza mwanamke kwamba baiskeli imebadilika na sasa inahitaji umeme?

Wako,
Mzee Mwenye Aibu, Bwaise


MAMA AMITO ANAJIBU

Mzee wangu,

Barua yako ilinifikia Jumatatu nami nimeitanguliza mbele ya nyingine sita, kwa sababu hizo nyingine ni za mapenzi na mapenzi yanaweza kungoja. Yako ina mtu anayefukuzwa nyumbani kesho.

Umeniomba nifiche jina, nimelificha. Lakini umenieleza baiskeli ya Katwe, kanzu, mfuko, kona ya dirisha la kulia, Sheikh na mananasi, na ukanikataza nisiguse hata neno moja la kisa chako. Wazee wa namna hiyo hapo Bwaise sidhani kama wako wawili. Kwa hiyo huna muda zaidi ya ule wa watu kufungua gazeti hili, na Rukiah, kwa jinsi ulivyomweleza, si mtu wa kuchelewa kusoma.

Nianze na lisilo kosa. Umri wako si kosa na baiskeli si kosa. Mimi nina miaka sitini na nne, nyonga yangu ya kushoto inalia kila nikipanda ngazi, na nilipofika pale ulipompita yule dereva wa boda aliyeishiwa mafuta niliweka barua chini nikakuonea wivu. Aliyekufunga kwa mpira wa mizigo alistahili makofi mawili, na nikisema hivyo nasema kama raia, sijavaa sare. Mtu mzima ana haki ya kwenda anakotaka bila kubebwa kwapani. Endelea kuendesha. Ila vaa kofia ngumu, mwambie Okwir akuwekee breki za maana na fyuzi kwenye zile betri, na usichaji tena kitu kilichoundwa na mchomelea mageti juu ya zulia ambalo watu wanasujudia. Umeme ulioiba unaweza kulipika. Msikiti ukiwaka moto hauwezi kulipika.

Hapo huruma yangu imeishia. Sasa tuje kwenye maelezo yako.

Nilikaa kwenye dawati la kuandikisha maelezo miaka ishirini na saba, kwanza Gulu, halafu hapa mjini. Mtu akija kukiri, anaeleza kwa kirefu yale yanayomfurahisha, na lile lililomleta analipitisha haraka katikati ya sentensi, akitumaini kalamu yangu italiruka. Wewe umenipa aya nzima ya mlima wa Kyambogo. Lakini vile vikombe viwili umevichomeka mwishoni mwa sentensi inayoanza na swala zako. Kikombe cha pili kilikuwa chako, Mzee. Birika lililomhukumu Abdul-Latif lilikuwa linakuchemshia wewe chai. Ulisimama pale wakiuliza ni cha nani, na unaniandikia kwamba ulishtuka. Kushtuka ni kwa dakika moja. Zimepita siku ngapi?

Hiyo kamati yenu nayo ningependa kukaa nayo chumba kimoja. Inahukumu mtu kwa birika la chai, na inampa uenyekiti mtu kwa sababu hasogei. Nimewahi kufanya kazi na maafisa waliopandishwa cheo kwa sifa hiyo hiyo, nawajua. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kuangalia nyuma ya mgongo wako, kwa sababu mgongo wa mzee mwenye tasbihi haukaguliwi, ila chumba cha mfagiaji kinakaguliwa hata kitandani. Hilo wewe hukulitunga, lakini umejificha ndani yake vizuri sana.

Sasa maswali yako. La tokeni ya siri: usithubutu. Fikiri kidogo. Abdul-Latif akiondoka Ijumaa, na kuanzia Jumamosi mita ikajaa yuniti zisizoisha, watu watasema nini? Watasema baraka zimerudi mwizi alipotoka. Utakuwa umelipa deni lako kwa kumpigilia yeye msumari wa mwisho, kama vile kuacha kwako kuchaji kulivyompigilia wa kwanza. Kulipa lazima ulipe, lakini mchana, kwa jina lako, na risiti mkononi. Kama ni dhambi na inafutika vipi, mimi ni Mkatoliki wa kambi ya polisi, muulize Sheikh Tamim, yeye ndiye anayejua. Ninachokijua mimi ni wizi, na wizi aliosingiziwa mtu mbele ya watu haufutwi chumbani.

La uenyekiti: unaogopa ukikataa watashuku. Mzee, tunataka washuku. Kesho kabla hawajakutangaza, simama. Usitoe hotuba juu ya amana. Inua chaja juu waione, wengi wao hawajawahi kuiona, sema ilikuwa inaingia wapi na kwa muda gani, sema birika lirudishwe kwa mwenyewe, kisha ukae. Usieleze magoti. Usieleze boda. Ukianza kueleza magoti watakuhurumia, na wakikuhurumia wewe watamsahau yeye tena.

La Rukiah: hapana, hakuna njia ya kumweleza mwanamke kwamba baiskeli imebadilika. Aliyekaa kwenye kigoda akikuuliza "Imejaa?" kwa saa nzima huku unazunguka uani, mimi nakuhakikishia hakuwa anachambua mchele tu. Huyo anajua, au anakaribia kujua, na anakupa kamba ndefu ujinase mwenyewe. Mwambie leo, kabla ya chakula cha jioni. Mwombe msamaha hasa kwa lile la majirani, maana umemfanya asimame mbele ya wanawake wenzake na kutangaza uongo wako kwa sauti yake. Kisha mkubaliane saa za kuchaji nyumbani, na mita akusomee yeye. Ukilazimika kuizima friji ili baiskeli yako ipate kula, izime.

Na swala zako usiziache. Siku zile taa iligeuka kijani na ukaendelea kukaa, hizo naziamini. Rudi kwenye kona yako bila mfuko. Watakutazama vibaya kwa muda, nawe ukae hivyo hivyo.

Nimebakisha jambo moja, na hili ndilo lililonifanya niitangulize barua yako. Umeandika kana kwamba Abdul-Latif hajui kitu. Mtu anayefagia msikiti mmoja kwa miaka kumi na moja anajua kila soketi iliyomo na kila ufa. Alikuletea chai kila alasiri, aliinama kukuwekea kikombe karibu na hiyo kanzu uliyoitandaza. Taa aliiona. Waya aliuona. Nadhani alijua kuanzia wiki ya kwanza. Na alipoulizwa kikombe cha pili ni cha nani, neno moja tu lingemwokoa yeye na kukumaliza wewe, naye akasema ni cha mtu tu. Hakukutaja. Alikuheshimu kiasi cha kukuachia ulitaje mwenyewe, na tangu siku ile anangoja.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, kunja gazeti uende kwenye kile chumba cha nyuma. Utamkuta anafunga godoro. Usimweleze habari kama mpya, kwake si mpya. Mwombe radhi, mfungulie hilo godoro kwa mikono yako mwenyewe, na kesho useme mbele ya watu lile jina ambalo yeye alikataa kulisema.

Mama Amito